Namna ya kuwatafsiria majirani filamu ya kuchekesha ya Kifilipino

Jumamosi jua likizama tunaitoa televisheni chumbani na kuiweka barazani, ikitazama uwanja wa lupango, yaani ua wa nyumba zetu. Watoto wanajaa kwenye mkeka, akina mama kwenye viti vya plastiki, vijana wanaegemea ukuta wakijifanya wanapita tu. Kambo, bibi yangu mzaa mama, ana kiti chake cha mbao karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na hakuna anayekikalia hata kama hajafika. Mimi nakaa pembeni mwa skrini, daftari mapajani. Filamu imetoka Ufilipino, watu wake wanaongea Kitagalogi, chini yanapita maandishi ya Kifaransa, na zaidi ya nusu ya watu wa hapa hawasomi Kifaransa, au walikisoma zamani na sasa macho hayapati herufi ndogo namna ile. Kwa hiyo mimi ndiye sauti.

Mchana ninashona nguo hapa hapa Katuba, komini ya mji wa Lubumbashi, Kongo. Kutafsiri filamu nimejifunza kwa kukosea, mwaka wa nne sasa, na ninayoandika hapa ni kwa mtu yeyote anayetaka kuanza kwao, iwe Ruashi, Kamalondo au komini ya Kenya.

Kwanza ni kuchagua. Tafuta filamu ambayo mambo yake yote yanatokea kwenye kichochoro kimoja: duka dogo, kanisa, kinyozi, nyumba mbili zinazotazamana, msichana upande huu na kijana upande ule. Filamu za mapenzi ya matajiri, za ofisini na hotelini, zinachosha lupango upesi. Baada ya dakika kumi watu wanasifia makochi. Ya kichochoro haihitaji utangulizi. Mtu anayedaiwa akipita mbele ya duka amejificha nyuma ya mwavuli na mvua hainyeshi, Katuba nzima imeshaelewa. Duka lenyewe wanaliita sari-sari, yaani vitu mchanganyiko, na linauza kama tunavyouza sisi, kadogo kadogo: sigara moja, kitunguu saumu kimoja, mafuta ya kupikia kwenye kifuko, shampuu ya kuoshea nywele mara moja tu. Uuzaji huo una jina lake, tingi. Daftari la madeni nalo lipo, limening'inia kwa kamba. Hapo nyamaza, waache watu wajione wenyewe.

Ila usilibatize duka hilo jina la jirani yako ili upate kicheko. Mwaka wa kwanza nilisema, "Huyu ni Mama Mapasa wa pale kwenye kona." Watu walicheka sana. Kisha kwa nusu saa wakawa wanamwangalia Mama Mapasa badala ya filamu, wakimtajia na bei zake, na yeye hakurudi wiki tatu. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Tangu siku ile Manila naiacha iwe Manila, na majina ya watu wake nayasema kama walivyoitwa na wazazi wao.

Ukishaipata filamu, itazame peke yako mara mbili. Mara ya kwanza usiandike kitu, uone tu wewe mwenyewe umecheka wapi. Mara ya pili shika kalamu, lakini usinakili maneno wanayosema, maana siku yenyewe hutapata nafasi ya kuyasoma. Mimi nachora kichochoro. Mstari mmoja katikati ya ukurasa ndiyo njia, visanduku vya kila upande ni nyumba. Ndani ya kila kisanduku naandika nani anakaa humo, nani anamdai nani, nani amenuniana na nani, nani anampenda nani, na nani anajua. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi kubwa. Filamu hizi zinaishi kwa siri ambayo mtaa mzima unaijua isipokuwa yule anayependwa. Umbeya kwao ni tsismis, sisi tungesema songi-songi, na unatembea kwa miguu: kutoka dukani kwenda kwa kinyozi, kutoka kwa kinyozi kwenda kisimani. Kila siri inapohama naweka mshale wa wino mwekundu na dakika yake. Nina ukurasa mmoja wenye mishale kumi na saba. Ukisahau kwamba mama wa dukani bado hajasikia, ukaropoka, umewaharibia watu robo saa nzima ya kucheka.

Sasa tufike penye uzito, nako ni namna watu wanavyoitana. Nanay ni mama, Tatay ni baba, Lola na Lolo ni bibi na babu. Mama mtu mzima wa mtaani anaitwa Aling halafu jina lake. Mzee anaitwa Mang. Dada mkubwa ni Ate, kaka mkubwa ni Kuya. Halafu kuna kijineno po, ambacho peke yake hakina maana. Kinapachikwa ndani ya sentensi kuonyesha kwamba unaongea na mkubwa wako. Maandishi ya Kifaransa yanatupa karibu vyote hivi. Wewe usivitupe. Po mimi naitafsiri kwa kushusha sauti na kuweka "mama" au "mzee" mwishoni. Na kijana mwenye hasira akijibu wazazi bila po, nasema waziwazi, "Leo ameongea bila heshima," kwa sababu chumba kizima kule kwenye filamu kimenyamaza kwa ajili ya hilo, na lupango nalo linapaswa kunyamaza.

Kuya ndiyo iliyoniponza. Kuya anaitwa kaka wa tumbo moja, na pia kijana yeyote aliyekuzidi umri kidogo, hata dereva, hata muuza samaki. Hapa kwetu neno yaya, yaani kaka au dada mkubwa, linafanya kazi hiyo hiyo. Katika filamu yangu ya pili msichana alimwita kijana wa nyumba ya ng'ambo kuya. Maandishi ya Kifaransa yalisema kaka mkubwa, nami nikasema kwa sauti, "Ni yaya yake." Dakika hamsini zikapita. Kijana akasimama chini ya dirisha la msichana na gitaa, macho yamelegea. Kambo akainuka, akashika kiti chake kwa mgongo.

"Mutoto na yaya yake? Mu lupango yangu?"

Filamu ikazimwa. Nilieleza jioni nzima, na akina mama waliendelea kumwangalia yule kijana kama mtu mwenye laana hata tulipoirudia wiki iliyofuata. Nilichopaswa kusema ni kwamba anamwita yaya. Siyo kwamba ni yaya yake. Tofauti ni ndogo mdomoni, lakini ndani yake mna filamu nzima, kwa sababu msichana anapoendelea kumwita kijana kuya, amemweka kwenye benchi moja na ndugu zake, na kijana anajua. Unaona usoni kila anapolisikia neno lile. Kwa hiyo kila mara likitoka, litaje. "Amemwita tena yaya." Usichoke. Unaweka akiba kwa ajili ya siku ambayo hatalitaja.

Kiswahili kina bahati hapa kuliko Kifaransa. Kitagalogi kina neno moja, siya, kwa mwanamume na kwa mwanamke, sawasawa na yeye yetu. Kifaransa hakiwezi, lazima kichague, na kikichagua kinafichua. Katika filamu moja mama anatega sikio ukutani, anamsikia mwanawe akisema kwenye simu: amelala kwangu usiku kucha, asubuhi hataki kuondoka, amekula nyama yote. Mama anaanza kulia na kutaja watakatifu. Anayeongelewa ni mbwa. Maandishi ya Kifaransa yaliuharibu utani huo mapema kwa neno moja tu, lakini mimi nilisema "amelala kwangu," na Kiswahili kikatunza siri mpaka mbwa alipotokea mlangoni. Kwa hiyo ukiona Kifaransa kimetaja mwanamume au mwanamke, jiulize kwanza kama wenyewe walitaja. Mara nyingi hawakutaja, na wewe usitaje.

Kuna jambo la Kiingereza. Marekani iliitawala Ufilipino kuanzia 1898 hadi 1946, kasoro miaka ya Wajapani, na Kiingereza kikabaki shuleni na maofisini. Mtu anayetaka kuonekana amesoma, au anayetoka mtaa wa matajiri, anakichomeka katikati ya Kitagalogi. Kichochoro kinamjibu kwamba pua zinatoka damu. Ndivyo wanavyosema mtu akizidiwa na Kiingereza. Ukitafsiri vyote kwa Kiswahili kimoja, utani umekufa. Mimi akisema Kiingereza namsemea kwa Kifaransa, kile cha kujidai, cha mdomo uliokunjwa, halafu narudi kwenye Kiswahili chetu kwa wale wanaomjibu. Hapo sina haja ya kueleza chochote, maana Lubumbashi tunawajua watu wa namna hiyo.

Maneno mengine yanabidi uyapande mapema ili uyavune baadaye. Mahal ni neno la kupenda, na ni neno lile lile la bei kuwa ghali. Kifaransa nacho kina neno la namna hiyo, cher, yaani mpendwa na pia ghali. Hata sisi tunaoitana sheri tumeliazima kwao. Mteja akipiga kelele dukani, "Ang mahal!", mimi nasema, "Mahal, ghali sana," kisha napita. Saa moja baadaye kijana anapomwambia msichana "Mahal kita," nasema, "Nakupenda. Mahal, lile lile la dukani." Wakati mwingine mzee mmoja anawahi kabla yangu: "Kumbe mapenzi ni bei!" Muache awahi.

Na jiandae, kwa sababu watu watasikia maneno wanayoyafahamu na kudhani wanakijua Kitagalogi. Salamat ni asante yao. Imetoka Uarabuni kama salama yetu. Hukom ni hakimu, na ina ukoo na hukumu. Mesa ni meza, sabon ni sabuni, asukal ni sukari, na sapatos ni viatu, kama anavyosema sapato mtu wa Kilingala. Wareno walituletea meza sisi, Wahispania wakawapelekea mesa wao. Watoto wanayapenda haya kuliko mapenzi yenyewe, nami nawaachia dakika mbili kabla ya filamu wayataje yote. Filamu ikishaanza, basi.

Dakika hizo za kabla ya filamu ndizo za kueleza mambo ya kule. Sema machache. Barangay ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali yao. Nchi ina zaidi ya 42,000. Mkuu wake anachaguliwa kwa kura na wanamwita kapitan. Lupango letu likisikia kapitan linasikia kapita, na kapita kwetu ni msimamizi wa wafanyakazi, neno la migodini. Marehemu babu alikuwa na kapita wake, na Kambo hakumpenda. Nasema: chukueni kama shefu wa kartie, mkuu wetu wa mtaa, ila huyu wamempigia kura wenyewe. Kwa utaratibu wa sheria yao ulioanza 1978, ugomvi mwingi wa majirani lazima ujaribiwe kusuluhishwa hapo barangay kabla ya kufika mahakamani. Ndiyo maana utaona wanawake wawili wanagombania kuku au kamba ya kuanikia nguo mbele ya meza ya kapitan, na mtaa mzima umejaa dirishani.

Eleza pia jeepney, lile gari refu lenye rangi nyingi lililozaliwa kutokana na jipu za jeshi la Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Abiria wanakaa kwenye mabenchi mawili wakitazamana, na mara nyingi hakuna kondakta. Nauli inapita mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo. Mtu asiyejua hili hataelewa kwa nini msichana amepokea sarafu kutoka kwa kijana, vidole vikagusana, na kamera ikakaa pale sekunde nne nzima. Lupango langu halikulielewa mara ya kwanza. Lilidhani anamlipia kwa nguvu.

Na eleza talaka. Mpaka leo ninapoandika, sheria ya Ufilipino haina talaka kwa raia walio wengi, Waislamu wakiwa na sheria yao. Wengi ni Wakatoliki. Mama anapomkataa kijana kwa ukali usioeleweka, anaona mlango ambao ukifungwa haufunguki. Nikishasema hivyo, akina mama wetu wanaacha kumwita mchawi.

Mpira wa kikapu hauhitaji maelezo marefu. Kila kichochoro kina pete iliyopigiliwa mahali, na kijana anaonyesha uanaume wake hapo. Mzee wetu mmoja, shabiki wa Mazembe, timu ya mpira ya mji wetu, huuliza kila mara kwa nini hawachezi mpira wa miguu. Namwambia ndivyo walivyo, naye anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Sauti yako sasa. Sisi tuliokulia Lubumbashi na kundi la maigizo la Mufwankolo, redioni na kwenye televisheni, tunajua Kiswahili cha mji huu kinavyochekesha mambo ya nyumbani, na kila anayeanza kutafsiri anatamani kuigiza kama wao. Usifanye hivyo. Mwigizaji yupo tayari kwenye skrini na anaijua kazi yake. Wafilipino wana ukoo mrefu wa vichekesho: Dolphy, aliyezaliwa 1928 na kufariki 2012, waliyemwita mfalme wa vichekesho, alicheza kwa miaka mingi kwenye televisheni mume maskini anayedharauliwa na mama mkwe tajiri, na huyo mama mkwe utamkuta bado anatembea kwenye filamu za leo na feni yake mkononi. Yeye akipiga kelele, wewe sema polepole. Ongea katika mwanya, mwigizaji anapovuta pumzi. Rimoti iwe mkononi mwako, sauti iwe juu kiasi cha kusikia vilio na vicheko vya wenyewe. "Ay!" na "Aray!" havitafsiriwi, mtu aliyekanyagwa anaeleweka dunia nzima. Wimbo pia usiutafsiri unapoimbwa. Kijana anapoimba chini ya dirisha, desturi yao ya zamani iitwayo harana, kaa kimya mpaka mwisho, kisha sema mstari mmoja: "Ameomba afunguliwe dirisha."

Ukimya huo ni kazi ngumu kuliko maneno. Wana neno kilig, kwa ule msisimko unaompata mtu akiona mapenzi yanakaribia, mabega yanapanda, unataka kumpiga aliye karibu nawe. Nilijaribu kulitafsiri miezi mingi. Nikaacha siku nilipogeuka na kuona wasichana wawili wa nyumba ya nyuma wamekumbatiana, mmoja ameng'ata kitenge chake.

Karibu na mwisho utakutana na pamamanhikan. Neno limetokana na kupanda ngazi: familia ya kijana inapanda kwenda nyumbani kwa wazazi wa msichana, imebeba chakula, kuomba na kupanga harusi. Watu wa lupango watauliza mahari ni kiasi gani. Waambie mapema kwamba katika kikao hiki hawatamsikia mtu akihesabu mahari, ila kwa mila yao upande wa kijana ndio unaobeba gharama za harusi, la sivyo wanaume watabishana katikati ya kilele na hutasikia kitu. Mengine yote wanayajua: wajomba waliovaa mashati yasiyowatosha, mzee anayezunguka mbali kabla ya kusema kilichowaleta, msichana anayesikiliza jikoni. Wakati huo kijana anatetemeka. Anatakiwa ashike mkono wa mama wa msichana na kuugusisha kwenye paji la uso wake, ndiyo heshima kwa wakubwa, na anaukosa mara mbili.

Mwezi wa sita uliopita, baridi kali, watu wamejifunika mablanketi, tulifika hapo. Msichana akatoka jikoni na sinia. Akamtazama kijana, akamwita kwa jina lake, jina tupu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kambo akaniwahi kutoka kwenye kiti chake:

"Hajasema kuya."

Hapo usiongeze neno. Nilifunga daftari.

Limebaki jambo la umeme, maana utakatika. Kama una betri ya gari na inverta, ijaze tangu Ijumaa, na jaribu mapema kama inabeba televisheni kwa saa mbili. Kama huna, na umeme umekwenda zikiwa zimebaki dakika kumi, watu watakuomba uwamalizie kwa mdomo. Watakubembeleza, watasema unajua, umeitazama mara mbili. Mimi niliwahi kukubali. Nilisimulia vizuri, gizani, makaa ya mbabula yakituangazia, wakaniitikia, wakaenda kulala. Kesho yake umeme uliporudi hakuja mtu, na zile dakika kumi, sura ya mama mkwe anapokubali bila kusema neno, hawajaziona mpaka leo. Sasa nawaambia watoto wakunje mkeka, nawaandikia dakika kwenye daftari, nasema kesho baada ya misa. Wanalalamika mpaka getini. Kesho wanakuja, na wengine wanakuja na wageni, kwa hiyo azima viti mapema.